Ni Nani Aizibue Ndiva?

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ile ya wanyama kusema na watu, bali zamani iliyokwisha kuwa na kalenda ukutani na redio mezani, palikuwa na kijiji katika Milima ya Upare kiitwacho Ighembeni. Siku ninayoikusudia ni Jumanne, tarehe 9 Agosti 1983. Naitaja makusudi, kwani hadithi isiyo na tarehe ni sawa na barua isiyo na mhuri: hupokelewa, lakini haitendewi kazi.

Agosti ni mwezi wa kipupwe. Masika yamekwisha kusahauliwa, vuli haijabisha hodi, na maharage huishi kwa maji ya mfereji peke yake. Mfereji wa Ighembeni ulitoka msituni, chini ya miti isiyoona jua, ukaingia katika ndiva, yaani bwawa lililochimbwa na mababu, lenye ukuta wa mawe na udongo, na tundu moja chini lililozibwa kwa kizibo cha mgomba. Usiku maji hujikusanya. Alfajiri mwenye zamu hukisukuma kizibo kwa mti mrefu, maji yakatoka kwa kishindo, yakashuka shambani kwake. Mwenye zamu ya alfajiri hupata bwawa zima. Anayemfuata hupata mabaki. Wa jioni hupata matope na pole.

Msimamizi wa ndiva hiyo alikuwa Mzee Kiondo Mrutu, na zamu ya alfajiri ilikuwa yake. Alikuwa na wana wa kiume watatu na binti mmoja, Namkunda, aliyezaliwa mwaka 1962. Mama yake Namkunda alifariki mwaka 1965, na tangu hapo alilelewa na shangazi yake, Naetwe, dada wa Mzee Kiondo, mwanamke asiyeolewa, mwenye moyo wa dhahabu na ulimi wa upupu.

Namkunda alikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingoni. Rovu likakua hata likamzuia kumeza, na mwaka 1979 akateremshwa hospitali ya misheni huko tambarare, akapasuliwa, likaondolewa pamoja na karibu tezi yote ya shingoni. Tangu siku hiyo alipaswa kumeza kidonge kimoja kila asubuhi maishani mwake. Akimeza, ni binti kama mabinti wengine. Akiacha, mwili hupoa na kuzembea kama jiko lililonyimwa kuni.

Sasa mwezi Julai wa mwaka huo wa 1983 walikuja wakwe kuleta posa. Asubuhi wakamwona akimeza kidonge. Mmoja wao akauliza, kwa sauti ya chini iliyosikika na wote, "Kumbe bibi harusi wetu ni mgonjwa?"

Shangazi Naetwe akacheka. "Mgonjwa? Huyo? Ni kidonge cha mafua tu, baba."

Wageni walipoondoka, akaichukua chupa ya vidonge akaificha ndani ya chungu cha mbegu. "Utameza ukishaolewa," akamwambia Namkunda. "Mwanamke haingii kwa watu na duka la dawa kichwani."

"Shangazi, daktari alisema kila siku."

"Daktari ndiye atakayekuoa?"

Namkunda akatii. Wiki zikapita. Akaanza kuvaa sweta juani. Sauti ikawa nzito, vidole vikafa ganzi, akitumwa chumvi anarudi wali umekwisha kuliwa. Watu wakasema ni aibu ya uchumba.

Turudi Jumanne ile. Mchana, maharage ya chini yakakosa maji ghafla. Mzee Kiondo akamwambia binti yake, "Panda ukaangalie, huenda jani limeziba tundu."

Halikuwa jani. Alikuwa Senzota. Senzota huyu shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa mkiani mwa mfereji, mahali maji yalipofika kama salamu za mtu wa mbali: yanatajwa, hayaonekani. Siku hiyo alikuwa ameivunja sheria kubwa ya ndiva. Aliziba tundu nje ya zamu yake, ili bwawa lijae, aje ayaibe yote kwa mkupuo. Bwawa ambalo mchana hufika magotini likawa limempita mtu kimo, na maji yake ni ya msituni, baridi ya kuuma meno.

Namkunda akafika, akashangaa. Akauchukua mti mrefu, akainama ukutani kukitafuta kizibo. Vidole havikushika, mguu haukuwahi, akatumbukia.

Senzota alikuwa amejificha kwenye magugu, akayaona yote. Je, alitoka papo hapo? Hakutoka. Akajiambia, "Ataibuka. Akiibuka akinikuta hapa, nitafukuzwa mferejini mimi na watoto wangu." Akangoja. Maji yakatulia. Akangoja tena. Ndipo alipotoka mbio, akachokoa majini kwa mti asimpate, wala kuogelea hakujua, kwani watu wa milimani hujua maji ya kunywa na ya kumwagilia tu. Akakisukuma kizibo. Bwawa likatoka kwa ngurumo, na mwisho wa maji akamkuta Namkunda amelala topeni, mdomo wa bluu, hana pumzi, wala moyo haupigi.

Senzota alikuwa amefanya kazi reli tangu 1971 hata 1977, na huko walifundishwa huduma ya kwanza. Akamlaza juu ya jiwe, akaanza kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi, huku akipiga mayowe. Watu wakaja, na Mzee Kiondo miongoni mwao.

Desturi ya Ighembeni ni moja: mtu akitolewa majini, kwanza apelekwe nyumba iliyo karibu, alazwe kando ya mafiga, apangiwe mawe ya moto miguuni na tumboni. Kila mtu akapiga kelele, "Motoni! Mpelekeni motoni!" Na nyumba iliyo karibu ilikuwa ya Bibi Nakaniwa.

Bibi huyu alikuwa mjane. Zamu ya alfajiri aliyokuwa nayo Mzee Kiondo ilikuwa, hapo kabla, ya marehemu mumewe. Mume alipokufa mwaka 1974, baraza likaamua mjane hawezi kuamka alfajiri kushindana na maji, likampa zamu ya jioni. Ile ya matope na pole.

Waliotangulia kutayarisha mahali wakamkuta amesimama mlangoni, mkongojo umeziba njia.

"Tupishe, Bibi! Mtoto anakufa!"

"Mtoto wa nani?"

"Wa Kiondo!"

"Basi apashwe kwa moto wa Kiondo. Moto wangu ni wa kuni za jioni, hautoshi watu wa alfajiri."

"Bibi, una roho ya nyoka!"

"Nyoka naye hulala njaa shamba likikauka. Hapiti mtu hapa."

Wakamtukana, wakamsihi, asitikisike. Mlango ulikuwa mmoja, nyumba nyingine zilikuwa mbali, na nani angemsukuma mwanamke mwenye umri wa mama yake? Basi Namkunda akabaki nje, juu ya lile jiwe, nguo mbichi, upepo wa kipupwe ukimpitia, na Senzota anakandamiza, anakandamiza. Mwishowe Landrova ya mnunuzi wa kabichi ikatokea barabarani. Wakampakia juu ya kabichi, na Senzota akaendelea kukandamiza hata gari lilipokuwa likiteremka kwenye kona.

Kabla gari halijaondoka, Mzee Kiondo alifanya jambo. Alichota tope la ndiva, akajipaka kipaji cha uso, akasema, watu wote wakisikia, "Atakayekuwa amemponya mwanangu, zamu yangu ya alfajiri ni yake, yeye na uzao wake."

Na kiapo cha tope la ndiva kina masharti yake. Hakirudishwi. Hakigawanywi, maana bwawa huzibuliwa na mkono mmoja. Na ikiwa mgonjwa aliyeapiwa amepona, hapana mtu atakayegusa maji, ya kuingia wala ya kutoka, mpaka kiapo kilipwe. Na mkono wa kwanza kuzibua uwe ni wa huyo anayelipwa. Jioni hiyo wakaziba tundu, wakangoja habari.

Habari ikaja Alhamisi, tarehe 11. Moyo ulikuwa umeitika hospitalini. Daktari Mchomvu alimpasha mwili polepole, kwa maji ya vuguvugu ya mishipani na mablanketi, kidogo kidogo, na tembe zake za tezi akamrudishia kwa hadhari. Alhamisi asubuhi Namkunda akafumbua macho, akasema neno lake la kwanza: "Mbona nanuka kabichi?"

Kijiji kikashangilia kutwa. Kisha kikakumbuka kiapo, kikageuka kuiangalia ndiva. Ilikuwa imejaa.

Ijumaa maji yakamwagika juu ya ukuta, yakaenda korongoni bure. Jumamosi maharage yakaanza kukunja majani. Jumapili watu hawakusikiliza mahubiri, walisikiliza ukuta. Ulikuwa ukitoa jasho. Na maji yakazidi kupanda.

Jumatatu, tarehe 15 Agosti, wakakutana wote pale ukutani. Namkunda aliletwa amekalishwa kitini, na Daktari Mchomvu akaja naye, kwa kuwa hakuwaamini watu wa Ighembeni na mgonjwa wake. Mzee Kiondo akaushika mti mrefu.

"Shauri hili ni fupi," akasema. "Senzota alimtoa, Senzota alimkandamiza. Aliiba maji na kungoja magugumani, yote amekiri, nami nimemsamehe. Senzota, njoo."

Senzota akasonga mbele, mikono ameitanguliza kuupokea. Lakini palikuwa na mzee mmoja, Mzee Mbonea, mpenda maswali. Akanyosha mkono.

"Daktari, kuna neno linaninyima usingizi. Binti alikaa majini hata Senzota akamaliza kuogopa. Mtu akikosa pumzi kiasi hicho, tumewaona, akirudi hurudi mwili bila akili. Huyu amerudi na akili na mdomo wake. Imekuwaje?"

Daktari akatazama mashamba yaliyokuwa yakinyauka chini. "Mzee, ubongo ni kama shamba la mkiani mwa mfereji. Damu ndiyo maji yake. Moyo ukisimama, mfereji umekatika. Sasa, mfereji ukikatika jua likiwa kali, maharage hufa upesi. Ukikatika siku ya ubaridi na mawingu, maharage hulala, yakangoja. Ubongo wenye joto huungua ukikosa damu. Ubongo uliopoa mapema hutaka damu kidogo, hivyo huvumilia. Binti huyu alipoa kabla ya kuharibika. Maji yangekuwa ya uvuguvugu, leo tungekuwa kwenye matanga."

"Mnasikia!" Senzota akapaza sauti. "Maji yale ya baridi niliyajaza mimi!"

"Ungeyaacha magotini asingezama!" mtu akamjibu kutoka nyuma, na watu wakacheka, lakini kicheko kifupi, kwa maana jiwe moja dogo lilianguka ukutani. Na maji yakazidi kupanda.

"Na kama mngempeleka motoni," Daktari akaendelea, "ndipo mngemmaliza. Moto wa ghafla nje ya mwili huifungua mishipa ya ngozi. Damu kidogo iliyopo hukimbilia ngozini, moyo na ubongo hubaki vikavu. Aliyepoa hivyo hupashwa taratibu, tena kwa kuangaliwa."

Kisha mkongojo ukagonga chini.

"Rudia, mwanangu," akasema Bibi Nakaniwa. "Wale wa nyuma hawakusikia."

"Bibi, wewe hukukusudia—" Mzee Kiondo akaanza.

"Sikukusudia. Nani aliuliza nilikusudia nini? Uliapa kwa aliyekusudia, au kwa aliyemponya? Asingekuwa Senzota, mtoto angebaki topeni, kweli. Lakini asingekuwa Nakaniwa, Senzota angeukandamiza mzoga uliookwa. Kijiji kizima kilitaka kumwua kwa huruma. Mimi peke yangu nilikataa. Nipe mti wangu, Kiondo. Tena si wako. Uliuazima kwa mume wangu mwaka 1974."

"Aibu, Bibi!" watu wakamzomea. "Ulimnyima moto kwa chuki!"

"Na chuki yangu imewafaa kuliko huruma yenu. Semeni kama ni uongo!"

Neno hilo lilikuwa na uzito.

Mzee Mbonea hakuwa amemaliza. "Daktari, nimewahi kuona wengine wakizama katika maji haya haya, baridi hii hii, wasirudi. Huyu alikuwa na nini zaidi?"

Daktari akajibu, "Hapo siapi. Naweza kusema ninavyodhani tu. Ile tezi ya shingoni hutoa kitu kiitwacho homoni. Homoni ni tarishi. Hutembea na damu, hubisha kila mlango wa mwili na kutoa amri: chocheeni moto. Kwa Namkunda tezi hiyo haipo. Tarishi wake ni kile kidonge. Nilipompima niligundua hajameza kwa wiki kadhaa. Moto wake ulikuwa umeshuka hata kabla hajaanguka. Basi yamkini alipoa upesi kuliko mwingine, na ubongo wake ulikuwa umekwisha kuzoea kula kidogo. Lakini sikieni vizuri! Hali hiyo hiyo inaua. Ilikuwa karibu nishindwe kumrudisha kwa sababu yake. Asiwepo mtu wa kuacha dawa akidhani amejiwekea akiba."

Shangazi Naetwe alikuwa ameketi kando ya kiti cha Namkunda, amejifunika kanga hadi machoni tangu asubuhi, kwani habari ya chungu cha mbegu ilikwisha kujulikana. Watu wakaona kanga inateremka. Inateremka polepole. Uso ukatokea.

"Vidonge," akasema, "nilivificha mimi."

"Tunajua, mwuaji!"

"Mwuaji wa nani? Huyu aliyeketi hapa? Asingekuwa Senzota, angebaki topeni. Asingekuwa Nakaniwa, angeokwa. Na asingekuwa Naetwe, wote wawili wangehangaikia maiti. Nyinyi mlimshika baada ya kuanguka. Mimi nilimtayarisha kabla."

"Ndiwe uliyemwangusha!" Senzota akafoka. "Vidole vyake vilikufa ganzi kwa chungu chako!"

"Na nani alikiongeza kina cha maji, mwizi wewe? Huniambii kitu." Kisha akamgeukia kaka yake. "Kiondo, nimeishi kwako miaka kumi na minane nikilea mtoto wako. Siku ukifa, wanao watatu watanionyesha njia. Sina mume, sina mfereji. Senzota ana mikono, na huyu Bibi ana nyumba. Mimi nina nini?"

"Nina watoto wanaolala njaa ng'ambo ya maji wanayoyasikia yakipita!" akasema Senzota.

"Nami nilikuwa na haki," akasema Bibi Nakaniwa, "kabla yenu wote."

Ukuta ukalia. Si jasho tena. Uzi wa maji ukachomoza katikati ya mawe, mwembamba kama sindano, ukawa kama kidole. Akina mama wa mashamba ya chini wakaanza kuwaita watoto wao watoke bondeni.

"Taja jina, Mzee!"

"Zibua kwanza, utaje baadaye!"

"Kiapo hakilipwi baadaye!"

Mzee Kiondo, jasho likimtoka katika baridi ile, akamwinamia binti yake. "Namkunda, mwanangu, ni mwili wako. Sema wewe ni nani."

Namkunda akawatazama wote, mmoja baada ya mwingine. Sauti yake ilikuwa bado nzito.

"Baba, mimi nilikuwa maiti, maiti hatoi ushahidi. Ila hili nalijua. Aliyenitoa majini alikaa kwanza magugumani akihesabu hasara yake. Aliyeninyima moto angefurahi nife. Na katika hao watatu anayenipenda ni mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa karibu kuniua. Wewe hukuapa kumlipa mwenye upendo, wala mwenye jasho, wala mwenye nia. Uliapa kumlipa aliyeniponya. Kiapo ni chako, baba. Na mti umo mkononi mwako."

Jiwe kubwa likatoka ukutani, likabingirika korongoni. Nyuma yake maji yakaja kwa unene wa mkono.

Mzee Kiondo akaunyosha ule mti mrefu mbele yake. Mikono mitatu ikanyoshwa kuupokea: mmoja wenye sugu, mmoja wenye makunyanzi, mmoja uliomlea mwanawe. Akafumbua kinywa.

Miye nayafunga maneno yangu papo hapo, na kinywa cha Kiondo nakiacha wazi, kwa sababu jina lililotoka humo lingewatia nyinyi uvivu wa kufikiri. Mmeketi pakavu, hapana ukuta unaowalilia mgongoni. Basi hamna udhuru. Yuko mwizi aliyemtoa na kumkandamiza. Yuko mwenye kinyongo aliyemnyima moto. Yuko mlezi aliyemnyima dawa. Kila mmoja alimkosea, na bila kosa la kila mmoja pengine asingekuwako.

Jibuni upesi, maji yanapanda: mti ule, mngeuweka mkononi mwa nani?